Siku ya Ishirini na Mbili

Maisara alipelekwa kwenye mafunzo kwa sababu ya karatasi. Baba yake mdogo, Latifu, hakumzungusha. Shirika moja la misaada lilikuwa linatafuta ghala la kuwekea unga na mafuta yake pale Bukavu, na katika masharti yake lilidai kila depo iwe na mtu aliyesomea sheria ya kazi na mwenye cheti cha kuthibitisha. Latifu alikuwa na ghala karibu na soko la Kadutu, alikuwa na malori mawili na wapakizi ishirini na wanane. Cheti ndicho hakuwa nacho.

"Nenda ukakae siku tatu, usikilize, urudi na cheti," alimwambia. "Mengine tunayajua."

Depo ile ilifunguliwa na marehemu Almasi, baba yake Maisara na kaka yake Latifu. Walikuwa watu wa Uvira, wa moja ya zile familia za Kiislamu zilizokuwa kwenye biashara tangu enzi za mababu waliotoka pwani, na nyumbani bado walizungumza Kiswahili cha wazee wao. Kazini walizungumza Kiswahili cha Bukavu kama kila mtu. Almasi alipofariki, Latifu alishika biashara, akamsomesha Maisara mpaka akamaliza chuo kikuu, kisha akampa ofisi ndogo yenye dirisha linalotazama uani na cheo cha RH, yaani msimamizi wa wafanyakazi. Sasa Maisara alikuwa na miaka thelathini na minne, na sita kati ya hiyo alikuwa ameimaliza kwenye kiti hicho.

Kazi yenyewe kubwa ilikuwa daftari la mahudhurio. Kila asubuhi wapakizi walipanga mstari mlangoni, naye akaandika jina la kila mmoja na kumpa kalamu atie sahihi. Hakuna aliyekuwa na mkataba. Waliitwa siku kwa siku, na kanuni ya depo ilikuwa moja: mtu akifikisha siku ishirini na moja anapumzika mpaka miezi miwili itimie, kundi la pili linaingia. Maisara alipoanza kazi aliuliza kwa nini ishirini na moja. Latifu akamjibu kwamba kazi ni kidogo na watu ni wengi, lazima kila mtu apate zamu. Jibu lilimpendeza. Mara kadhaa aliwahi kulirudia mbele ya wageni, kama ushahidi kwamba kwao mambo yanaendeshwa kwa haki.

Mafunzo yalifanyika mtaa wa Nguba, katika ukumbi ambao madirisha yake ya nyuma yalitazama ziwa. Washiriki walikuwa ishirini, wa viwanda, wa shule, wa zahanati na wa mashirika, na wengi walikuja, kama Maisara, kwa ajili ya cheti. Aliyefundisha alikuwa wakili, Maître Gisèle, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, aliyeijua sheria ya kazi kama mtu anavyoijua njia ya kwenda kwake. Akisoma kifungu alisoma kwa Kifaransa. Akieleza, alieleza kwa Kiswahili, ili asiwepo mtu wa kusema hakuelewa.

Siku ya kwanza, Jumanne, kabla ya chakula cha mchana, alifika kwenye vibarua. Alifunga kitabu akawatazama.

"Mutu munamuita kazi siku kwa siku. Mu miezi mbili anatimiza siku vingt-deux, ishirini na mbili. Mukimuita tena mbele ya ile miezi mbili iishe, ule si journalier, si kibarua tena. Sheria inamuhesabu mufanyakazi wa kudumu, hata kama hamukuandika kitu."

Nyuma ya Maisara alikaa kijana wa kiwanda cha sabuni, jina lake Hugues, mcheshi, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiwachekesha wenzake. Akasema, "Njo maana kwetu tunasimamishaka ku vingt et un."

Watu walicheka. Maître Gisèle hakucheka wala hakukasirika. Aliuliza ni wangapi wengine wanaosimamisha kwenye ishirini na moja. Mikono sita ilipanda. Maisara aliuacha wa kwake juu ya goti, chini ya meza.

Miaka sita alikuwa akihesabu mpaka ishirini na moja, na hakuwahi kujiuliza kwa nini haikuwa ishirini au ishirini na tano. Hasira ilimwelekea baba yake mdogo kwanza, kisha ikamgeukia mwenyewe, maana alikuwa na jambo jingine, na hilo halikutoka kwa Latifu.

Kati ya wapakizi wa depo alikuwepo Barthélemy, mzee kidogo kuliko wenzake, mtu wa kabila la Bashi kutoka milima ya Walungu, aliyekuwa akipanga nyumba mtaa wa Cimpunda. Aliajiriwa na Almasi mwenyewe, kwa neno la mdomo. Ndugu yake, Isidore, naye alipakia pale miaka michache, kisha akaenda Kamituga kuchimba dhahabu, na huko shimo likamporomokea pamoja na wenzake wawili. Jina lake lilibaki kwenye orodha ya depo kwa sababu hakuna aliyekumbuka kulifuta.

Miaka mitano iliyopita, mwanzoni mwa mwezi wake wa kupumzika, Barthélemy aliingia ofisini kwa Maisara akiwa ameshika kofia mkononi. Watoto wake wawili walikuwa wamerudishwa kutoka shuleni kwa kukosa ada. Alisema yuko tayari kufanya lolote, hata kufagia. Maisara alitazama orodha, akaona jina la Isidore, akamwambia arudi kesho yake atie sahihi kwenye mstari huo. Tangu hapo Barthélemy alikuwa na majina mawili. Mwezi mmoja aliingia kwa lake, mwezi wa pili kwa la marehemu, na depo nzima ilijua. Kwa muda wote huo Maisara alikuwa akilihesabu jambo hilo miongoni mwa mema aliyoyafanya duniani.

Siku ya pili, Maître Gisèle aliwapa zoezi. Alikuwa amewaagiza waje na madaftari yao ya miezi miwili ya mwisho. Sasa akawaambia wabadilishane, kila mtu alikague la mwenzake kwa jicho la mkaguzi wa serikali. La Maisara lilikwenda kwa Hugues, na la Hugues likaja kwake. Alikuwa bado kwenye ukurasa wa tatu Hugues alipoinama, akaweka daftari katikati yao na kumwonyesha kwa kidole. Barthélemy hakujua kuandika vizuri, na sahihi yake ilikuwa duara lenye mkia mfupi. Isidore naye aliweka duara lenye mkia mfupi.

"Hawa babili habajakutana hata siku moja," Hugues alisema kwa sauti ya chini. Hakuwa anacheka tena. "Ni mutu moja. Usiogope, hata kwetu bako. Lakini mutu akikuchukia, hii karatasi itakumaliza."

Simu ya Maisara ilitetemeka juu ya meza. Alikuwa ni Yassine, mtoto wa Latifu, aliyesimamia upakiaji. Ubao wa kupandia lori ulivunjika. Barthélemy alianguka na gunia la mchele begani, gunia likamwangukia mguuni. Walikuwa njiani kumpeleka hospitali.

Aliomba ruhusa akachukua pikipiki. Njia nzima alikuwa akimwona Barthélemy wa asubuhi, jinsi alivyomsalimu mlangoni na kusogea kwenye mstari wake. Maisara alipita depo alfajiri kabla ya kwenda Nguba, akaandika majina mwenyewe kama kawaida. Ulikuwa mwezi wa Isidore.

Hospitalini aliwakuta mbele ya meza ya mapokezi, na muuguzi alikuwa na karatasi mbili mbele yake. Yassine alikuwa ametoa jina lililokuwa kwenye daftari la siku hiyo. Emérence, mke wa Barthélemy, aliyekuja mbio kutoka Cimpunda na kitenge kimefungwa upande, alikuwa ametoa kadi ya mpiga kura ya mumewe. Muuguzi alimtazama Maisara kama mtu aliyechoka kuamua.

"Maman, mugonjwa njo nani?"

"Barthélemy," Maisara alisema. "Ile ingine pasua."

Muuguzi hakuelewa. Maisara akarudia kwamba ile nyingine aichane, na muuguzi akaichana.

Mfupa wa muundi ulikuwa umevunjika mahali pawili. Daktari alisema atapasuliwa kesho yake, na kwamba mtu wa umri ule, kwa kazi ile ya mizigo, asitegemee mguu kurudi kama ulivyokuwa. Latifu alifika saa tisa, katika kanzu yake ya kazini yenye vumbi la unga kwenye mikono. Alikwenda moja kwa moja kwa daktari, akamwambia gharama zote ni juu yake. Alimwambia Emérence kwamba gunia la mchele na dumu la mafuta vitafika nyumbani kwake kabla ya magharibi. Emérence alimshukuru kwa mikono miwili. Kisha Latifu akamwita Maisara pembeni, uani, karibu na kamba za kuanikia mashuka.

Maisara alimwuliza ni nani atakayetangaza ajali. Alimweleza kile alichokuwa amekisikia jana: kwamba ajali ya kazini inatangazwa kwa mkaguzi wa kazi na kwa mfuko wa hifadhi ya jamii, ule ambao watu wote wanauita la Caisse, bila kukawia, na kwamba mfuko ndio unaomshika mtu aliyeumia ikiwa hawezi tena kufanya kazi yake.

Latifu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwenye karatasi Barthélemy yuko mapumzikoni mwezi huu," alisema. "Na Isidore amekufa. Basi, mwanangu, kwenye karatasi hakuna aliyeumia leo."

Hakusema kwa ukatili. Alisema kama mtu anayemweleza mwingine mlango uko wapi. Akaongeza kwamba akitangaza, mkaguzi atafungua daftari, na akifungua daftari ataona maandishi ya nani. Kisha akamgusa bega, akaenda kuswali.

Usiku huo Maisara hakulala vya kutosha, na asubuhi alifika Nguba kabla ya wote. Maître Gisèle alikuwa akifuta ubao. Maisara alimweleza yote akiwa amesimama. Hakusema "kuna depo moja" wala "rafiki yangu". Alisema depo yetu, baba yangu mdogo, mimi.

Wakili aliweka kitambaa chini. "Jina la marehemu liliandikwa na nani?"

"Na mimi."

"Ulilipwa kitu?"

"Hapana. Nilimuhurumia."

Maître Gisèle alisema ameona watu wengi wakiharibikiwa na huruma ya namna ile, mwenye kuitoa na mwenye kuipokea. Kisha akamweleza kilichowezekana. Anayetakiwa kutangaza ni mwajiri. Mwajiri akikataa, mgonjwa au familia yake wanaweza kwenda wenyewe, lakini watahitaji ushahidi kwamba mtu yule alikuwa kazini siku ile, na daftari linasema hakuwepo. Ushahidi pekee wenye nguvu ungekuwa maandishi ya aliyelishika daftari.

"Ukiandika, itakurudilia," alisema. "Nisikudanganye. Kuandika jina ya uongo ni kosa, hata ukiwa na roho nzuri. Lakini ukiandika wewe mwenyewe mbele bakuulize, si sawa na siku batakukamata nayo."

Mchana huo waligawiwa vyeti. Maisara alipokea chake, akapigwa picha pamoja na wenzake ngazini. Hugues alimpa namba yake ya simu na kumwambia, bila mzaha wowote, kwamba akihitaji mtu wa kusema aliyoyaona kwenye zoezi atasema.

Kutoka hapo alikwenda hospitali. Barthélemy alikuwa ametoka chumba cha upasuaji, mguu umeinuliwa kwa kamba, uso umekauka. Emérence alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya kitanda akimenya ndizi. Maisara alitegemea kwamba habari yake itapokelewa kwa furaha. Haikuwa hivyo.

"Maman Maisara, mi sitaki matata," Barthélemy alisema. "Patron ananitunza. Ukiita serikali, batasema nilidanganya jina. Nitapoteza muguu, nitapoteza na kazi."

Emérence aliacha kumenya. Aliuliza kama la Caisse inaweza kumlipia mtu muda gani, na Maisara akamwambia kwamba mguu ukibaki mlemavu, ni kwa maisha. Emérence akauliza tena, na patron je, atatunza mpaka lini. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alizima redio yake apate kusikia vizuri.

Barthélemy alitazama dari. Alisema lile jina la Isidore limelisha nyumba yake miaka mitano. Watoto wamesoma kwa jina hilo. Kila alipoweka sahihi mwezi wa mdogo wake, alikuwa akimwambia moyoni: leo tena tuko pamoja kazini. Sasa watu wa ofisi watakuja waseme ni wizi.

"Haukuiba," Maisara alisema. "Mimi njo niliandika."

"Batajua namna gani?"

"Nitaandika na hiyo."

"Basi andika vile," Barthélemy alisema, na sauti yake ikapata nguvu kidogo. "Andika kama ni wewe uliniambia niingie ku jina yake. Mi sikumuiba ndugu yangu. Ukiandika vile, Emérence atapeleka."

Maisara aliandika pale pale, kwenye meza ya dawa, kurasa mbili. Aliandika tarehe ya ajali, saa, ubao uliovunjika, na majina ya wapakizi waliokuwepo. Aliandika kwamba mtu aliyeorodheshwa kama Isidore kwenye daftari la siku hiyo alikuwa Barthélemy, kwamba Isidore alifariki Kamituga, na kwamba ni yeye Maisara, msimamizi wa wafanyakazi, aliyependekeza jina hilo litumike na aliyeliandika kwa mkono wake kwa miaka mitano. Aliwasomea kwa Kiswahili neno kwa neno. Barthélemy alimsimamisha mahali pamoja tu. Alitaka iandikwe pia kwamba aliyemwajiri mwanzo alikuwa muzee Almasi. Maisara aliongeza.

Kabla Emérence hajapeleka chochote, Maisara alitaka baba yake mdogo ajue kutoka kinywani mwake. Alimkuta depo baada ya alasiri, ofisini, akinywa chai ya rangi. Aliweka nakala mezani. Latifu alivaa miwani akaisoma taratibu, na alipofika kwenye jina la kaka yake alirudi akausoma mstari ule mara ya pili.

"Mimi sikukataa kumtibu," alisema mwishowe. "Nitamtibu kama ndugu yangu. Wewe unataka nimtibu kama serikali."

"Baba mdogo, ukimtibu kama ndugu, siku ukichoka atamwendea nani?"

"Nimewahi kuchoka?"

"Hapana. Lakini wewe si wa milele. Baba yangu naye alikuwa mtu wa neno, na neno lake alizikwa nalo."

Latifu alivua miwani. Alimkumbusha kwamba ni yeye aliyemsomesha. Maisara alisema hajasahau na hatasahau. Latifu alimkumbusha kwamba mkataba wa ghala na shirika utawapotea. Maisara alisema anajua. Latifu akamwuliza kama amefikiria jina lake mwenyewe, maana ndilo lililokuwa kwenye karatasi mara nne. Maisara alisema ndilo alilolifikiria zaidi.

"Mimi sitii sahihi kwenye tangazo," Latifu alisema. Lakini karatasi hakuirudisha wala hakuichana. Aliikunja akaiweka mfukoni mwa kanzu.

Ijumaa asubuhi Emérence alipeleka tangazo, akisindikizwa na mtoto wake mkubwa wa kike, Camille, aliyeweza kusoma Kifaransa. Walipigishwa foleni ofisi mbili, wakarudi na muhuri.

Mkaguzi wa kazi alikuja depo wiki ya tatu, mtu mnene, mpole, aliyeomba kiti chenye mgongo na kukaa siku mbili na madaftari. Aligundua kwamba Barthélemy hakuwa peke yake. Walikuwepo wengine wanne wenye sahihi moja na majina mawili, ambao Maisara, akiandika kila jina alilotajiwa mlangoni, hakuwagundua, kwa sababu walikuwa wamejipangia wenyewe baada ya kuona mfano. Siku ya pili aliwaita Latifu na Maisara pamoja, akauliza ni nani aliyetunga kanuni ya siku ishirini na moja na ni nani aliyeingiza majina ya uongo.

Maisara alikuwa amejiandaa. Alijua kwamba ingekuwa rahisi kwa baba yake mdogo kusema kwamba yeye ni mfanyabiashara tu, mambo ya orodha ni ya msomi wake. Yassine, aliyesimama mlangoni, alikuwa ameshamshauri hivyo, na Maisara alikuwa amemsikia akimshauri.

"Ishirini na moja ni yangu," Latifu alisema. "Nilifundishwa na wenzangu, na nilijua maana yake. Jina la Isidore ni lake huyu. Ameshaandika."

Mkaguzi aliandika. Hakutoa hotuba. Aliacha barua yenye tarehe ya mwisho ya kurekebisha, na faini iliyoelekezwa kwa depo.

Mambo hayakunyooka yote. La Caisse ilichukua muda, ikaomba karatasi hii na ile, lakini baada ya miezi minne ilimtambua Barthélemy. Mguu ulipona ukiwa mfupi kwa kiasi cha kidole. Alirudi depo kama mhesabu magunia, akiwa ameketi, na mkataba wake ukataja mwaka ambao Almasi alimwajiri. Wale wanne nao walipata mikataba, kisha wengine wakaja kuuliza, na Latifu alipopiga mahesabu yake alibaki na watu kumi na sita wa kudumu, Barthélemy akiwa mmoja wao. Kumi na wawili walikosa nafasi kabisa. Mmoja wao, kijana wa Cimpunda ambaye hakuwahi kutumia jina la mtu, alimsimamisha Maisara barabarani na kumwuliza kwa utulivu: "Na sisi benye tulifwata kanuni?" Maisara alimtafutia kazi kwa Hugues, kwenye kiwanda cha sabuni. Aliyefanikiwa kumtafutia kazi ni yule mmoja tu.

Shirika la misaada lilichukua ghala la mtu mwingine.

Tangu mkaguzi alipoondoka, kwa wiki tano Latifu hakumsemesha Maisara. Salamu aliitikia, kwa sababu salamu ni deni, lakini hakuongeza neno. Wiki ya sita Yassine aliingia ofisini kwake, akaweka bahasha mezani na kubaki amesimama, macho dirishani. Ilikuwa barua ya lawama, iliyoandikwa kwa mashine, ikisema kwamba Maisara anaadhibiwa kwa kuingiza majina ya uongo kwenye daftari la kampuni.

Maisara aliisoma, kisha akachukua kalamu nyekundu. Alimweleza Yassine kwamba huwezi kumwadhibu mfanyakazi kabla hujamwuliza. Kwanza unampa barua ya kumtaka ajieleze. Unampa muda. Anajibu kwa maandishi. Ndipo unapoamua. Hii aliyoleta, mtu yeyote angeipeleka kwa mkaguzi na kuishinda. Yassine aliona haya, akaichukua, akaondoka. Kesho yake alirudi na barua ya kumtaka ajieleze. Maisara alijibu kwa ukurasa mmoja, akakiri, hakuomba kusamehewa. Siku nne baadaye barua ya lawama ililetwa upya, safari hii kwa utaratibu wake, ikiwa na sahihi ya Latifu.

Alikuwa bado anaisoma kivuli kilipoanguka mlangoni. Latifu alisimama hapo, mikono nyuma.

"Sasa iko sawa?"

"Karibu," Maisara alisema. "Haina tarehe."

Latifu aliingia, akavuta kiti, akakaa. Alinyoosha mkono kuomba kalamu, akaangalia kalenda ukutani, na kuandika tarehe kwa herufi zake kubwa za kizamani. Kisha akabaki pale, akauliza kama chai iko.